Kubadili Chombo cha Kuokea Keki

Wakulima wengi wa Kilosa na Mikumi hawana tanuri. Keki zao huokwa katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Tena mara nyingi chombo alichokitaja mfundishaji hakipo nyumbani, basi hutwaliwa chochote kilicho karibu. Hapo ndipo hasara huanza. Mayai ambayo yangaliuzwa kwa wasafiri wa barabara ya Iringa pale Mikumi huishia katika keki iliyoungua kandokando na mbichi katikati.

Kosa kubwa ni kupima kwa macho. Mtu huona bati la mraba lenye upana wa sentimita 20, na sufuria ya duara yenye upana uo huo, akadhani ni mamoja. Sivyo. Kina kikiwa kimoja, pembe nne za bati hulifanya lichukue zaidi kuliko sufuria, kwa robo nzima na ziada kidogo. Duara iliyo karibu sawa na mraba ule ni ya sentimita 23.

Asiyependa hesabu na apime kwa maji. Jaza chombo cha kwanza kwa kikombe, ukihesabu. Kisha ujaze cha pili vivyo hivyo. Ikiwa cha kwanza chachukua vikombe 8 na cha pili 6, punguza kila kitu kwa robo: unga, sukari, mafuta, na unga wa kuumulia pia, mayai 4 yawe 3. Ukibakiwa na nusu yai, lipige, uligawe kwa kijiko. Au usipunguze neno, bali rojo itakayozidi uioke katika vikombe vya bati, wapate watoto. Rojo isipite theluthi mbili za chombo, maana itafura na kumwagika juu ya makaa.

Kisha tazama kina. Rojo ikitandazwa katika chombo kipana huiva upesi na kukauka. Anza mapema kuichoma kwa kijiti. Katika chombo chembamba chenye kina, moto na uwe mdogo na saa ziongezwe, ama sivyo ganda litaungua kabla ya moyo kuiva. Makaa mengi yakae juu, machache chini. Sufuria nyeusi kwa masizi huunguza upesi kuliko mpya ing'aayo. Itandike karatasi iliyopakwa mafuta. Mkate wa kumimina wa mchele hufuata kanuni hizi hizi.

Kopo la rangi lisitumiwe, wala lililotiwa dawa ya wadudu wa shambani, hata likisuguliwa kwa mchanga kutwa nzima.

Ukiisha kupima, kwaruza kwa msumari chini ya kila sufuria hesabu ya vikombe vyake, usipate taabu ya kupima mara ya pili.