Zebaki: Adui ni Mvuke

Wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Geita na Chunya, wanaipenda zebaki kwa sababu moja: hunasa chembe za dhahabu ndani ya mchanga uliosagwa, kisha moto huitenga nazo. Ni metali ya ajabu, majimaji hata bila kupashwa moto, na nzito zaidi ya mara 13 kuliko maji. Wanaoitetea husema wameishika kwa mikono mitupu miaka nenda rudi bila kudhurika. Ni nusu ya ukweli, kwani ngozi huipitisha kidogo tu. Mapafu ndiyo hufyonza takriban asilimia 80 ya mvuke wake, usio na rangi wala harufu. Mikono hutetemeka na kumbukumbu hupotea polepole, wakati lawama imeshaangukia uzee au uchawi. Zebaki inayomwagika mtoni hugeuzwa na bakteria kuwa sumu kali zaidi, inayojikusanya ndani ya samaki. Sumu ya aina hiyo, kutoka kiwandani, ndiyo iliyowaangamiza walaji samaki wa Minamata, Japani, kwa ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956.

Basi mchimbaji aache riziki yake? Hapana. Ritoti, chombo cha chuma kinachofungwa, huupoza mvuke ukawa zebaki ya kutumika tena. Anayechomea kwenye karai la wazi anaunguza pia pesa zake.