Sweta la Mama na Maji ya Udhu

Sisi watu wa pwani hatuna haja kubwa na sweta. Lakini mtu akitoka Mombasa kwenda Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, baridi ya Julai humfunza adabu. Mama yangu alipohamia huko kwa kaka yangu, baada ya kupooza mkono wa kushoto, nilishika sindano na uzi wa sufu nikamfumia sweta.

Nilichagua lile la kufunguka kifuani, liitwalo kadigani, kwani la kuvalia kichwani asingeliweza. Jina hilo latokana na Lord Cardigan, mkuu wa jeshi wa Kiingereza katika Vita vya Crimea, mwaka 1854. Ama ufumaji wenyewe ni wa kale zaidi. Miongoni mwa kazi kongwe za sindano zilizosalia ni soksi za pamba, nyeupe na buluu, zilizofumwa Misri katika zama za Kiislamu. Baadhi yake zina mapambo yanayofanana na herufi za Kiarabu.

Kwanza nilifuma kipande cha kujaribia, nikaona sentimita 10 zachukua vitanzi 20. Kifua cha Mama ni sentimita 96. Nikaongeza 12 ili nguo isimbane, zikawa 108. Basi mgongo ukapata vitanzi 108, na kila upande wa mbele vitanzi 58, ndani yake 8 vikiwa ukingo wa vifungo, ambao hulaliana. Hesabu ilitimia, nami nikajiona fundi.

Miezi miwili baadaye nilikwenda kumzuru. Nilimkuta amejitanda shuka, sweta limo sandukuni.

"Mama, halikukutosha?"

"Lanitosha, mwanangu. Zuri mno."

Wifi yangu ndiye aliyenambia kweli tulipokuwa jikoni. Mikono ya sweta haikupanda juu ya visugudi. Kila akitaka kutia udhu ilimbidi Mama alivue lote kwa mkono mmoja, na vifungo vyenyewe vidogo. Asipolivua, sufu hulowa, na baridi ikazidi. Hayo ni mara tano kwa siku. Aliona haya kunambia.

Kosa lilikuwa langu. Nilipima kifundo cha mkono tu, nikafuma vitanzi 36, yaani sentimita 18, kama kitabu kilivyosema. Aliyeandika kitabu hakumjua Mama.

Usiku ule nilifumua mikono yote miwili. Nikapima kisugudi: sentimita 27. Nikaanza upya kwa vitanzi 64, yaani sentimita 32, bila ya kubana mwishoni. Upepo hauingii, maana buibui hupita juu. Vifungo 9 vidogo nikavitoa, nikatia 5 vikubwa, kila tundu vitanzi vinne, ili mkono mmoja uviweze.

Nilimaliza siku ya tisa. Alfajiri yake nilisikia maji ya birika, kisha Mama akatoka, sweta mwilini, mikono imekunjwa juu ya visugudi, mikavu. Akaikunjua mwenyewe, akaelekea kwenye msala.

Basi, dada zangu, mkitaka kumfumia mtu wenu, msimpime amesimama tu kama nguzo. Mtazameni kwanza anavyoishi kutwa nzima, ndipo mhesabu vitanzi.