Ukurasa Uliochanwa Katika Biblia

Je, msomaji, ungekubali kuchana ukurasa wa Biblia ya nyumbani kwenu na kuupeleka serikalini? Wako wajane wa Marekani waliofanya hivyo.

Waume zao walikuwa wamepigana na Waingereza katika vita vya uhuru vya 1775 hadi 1783. Sheria ya 1836 ilipowafungulia wajane mlango wa pensheni, kila mmoja alitakiwa athibitishe ndoa yake. Wengi hawakuwa na cheti. Walichokuwa nacho ni Biblia, ambamo jamaa ziliandika tarehe za ndoa na za kuzaliwa watoto.

Kurasa hizo zimo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Anayemtafuta babu askari huanza na wazazi wake, akarudi nyuma kizazi baada ya kizazi, ndipo aombe faili. Akianza na jina la askari tu, huenda akajitwalia babu wa wenyewe, kwani majina hufanana. Mke na watoto ndio humtambulisha.

Nyumbani kwenu je, nani ameandika? Muulize nyanya leo, kalamu mkononi. Mauti hayabishi hodi.