Mchunga: Rafiki wa Chungu, Adui wa Miche



Kila mvua zinapoanza, swali moja huturudia: mchunga uliojaa baina ya miche ya mikarafuu tuufanyeje? Mwenye shamba husema ung'olewe wote. Mama wa nyumbani husema uachwe, maana ndio mboga ya siku ambayo mfuko ni mwepesi. Sisi twaona wote wawili wana haki, na mchunga waweza kuwaridhisha wote wawili ukijulikana tabia yake.

Katika toleo hili twawapeleka ng'ambo ya bahari, Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi. Wakulima wa huko hawaishi kwa karafuu. Wao hutegemea korosho, ufuta, mbaazi, karanga, mahindi na mihogo. Lakini mchunga wao ni huu huu wetu, na ardhi yao yatuonyesha waziwazi jambo ambalo visiwani hufichwa na mvua nyingi.

Mchunga ni mmea gani?

Wataalamu huuita Launaea cornuta. Ni wa jamaa ya alizeti, ingawa kwa umbo haufanani nayo sana. Maua yake ni madogo ya manjano, na kila mbegu ina vinyweleo vyeupe vinavyoifanya ipeperuke na upepo. Majani yake ya chini hukaa mviringo juu ya ardhi, na ukivunja jani au shina hutoka utomvu mweupe. Shina likisimama laweza kumfika mtu kifuani.

Alizeti huishi msimu mmoja ikafa. Mchunga huishi miaka mingi, na siri ya maisha yake iko chini. Kile ambacho wengi wetu tunakiita mzizi wa mchunga kwa kweli ni shina linalotambaa ndani ya udongo, kama la tangawizi. Lina macho, na kila jicho laweza kuchipua mmea mpya. Ndani ya shina hilo mchunga huweka akiba ya chakula kama mtu anavyoweka mpunga ghalani. Basi anayekata majani peke yake amechukua kilicho barazani tu. Ghala limebaki.

Mwaka wa mvua moja

Nachingwea na Ruangwa hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Baada ya hapo huja kiangazi kirefu. Nyasi hukauka, ardhi huwa ngumu, na mchunga hupotea machoni. Mgeni akipita mwezi wa Septemba atadhani umekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha huchipua tena pale pale ulipokuwa mwaka jana, mara nyingi kabla hata mbegu za mkulima hazijaota.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Ufuta katika wiki zake za kwanza hukua polepole sana, na magugu yakiutangulia huukalia juu. Karanga zina shida nyingine. Ua la karanga likishashika, hutoa kikonyo kinachoinama na kuingia ardhini, na huko ndiko karanga yenyewe inakokaa. Tangu vikonyo vianze kuingia, jembe halifai tena kupita karibu na mashina, kwa sababu litakata mavuno ya kesho. Kwa hiyo mkulima wa karanga hana budi kuumaliza mchunga mapema, ama sivyo auvumilie mpaka mwisho.

Tena jembe lenyewe, likitumiwa kwa haraka, huuongeza mchunga badala ya kuupunguza. Shina moja la chini likikatwa vipande vitano vyenye macho, na udongo ukiwa na maji, huenda ikaota michunga mitano. Mkulima huona shamba safi kwa siku chache, kisha hushangaa kuona magugu mengi kuliko alivyoyaacha.

Nchi ya Nachingwea imewahi kutoa funzo kubwa la namna hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta makubwa yaliletwa, na Mtwara ikajengewa bandari na reli. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, baada ya kula mamilioni ya fedha. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, kama vile uhaba wa mvua, udongo usiojulikana vyema, na mashine zilizoharibika. Lakini moja yatuhusu leo: kuangusha miti na vichaka kulikuwa kazi nyepesi kuliko kuitoa mizizi iliyobaki chini. Kama trekta lilisumbuliwa na mizizi, mtu mwenye jembe asidhani nguvu peke yake itamtosha.

Kuuweka mchunga katika kipimo

Njia inayofaa ni kuushinda mchunga kwa njaa. Unapochipua, hutumia akiba iliyo chini. Majani yakikomaa, huanza kuirudisha akiba ile. Basi majani yakichumwa yangali machanga, tena na tena, ghala hutolewa bila kujazwa. Mmea hubaki mfupi, shina halisimami, ua halipatikani, na mwaka hadi mwaka hudhoofika.

Bahati njema ni kwamba wakati huo ndio wakati wa mboga pia. Jani changa lina uchungu wa kiasi. Shina likishasimama na kutoa ua, uchungu huzidi. Akina mama wa kusini na wa visiwani walijua jambo hili kabla ya wataalamu. Huchuma majani machanga, huyachemsha, humwaga maji ya kwanza, kisha huyaunga kwa tui la nazi au kwa karanga zilizotwangwa. Kwa hiyo mwenye shamba anayemfukuza mchuma mboga anaifukuza nguvu kazi isiyomgharimu hata senti moja. Twashauri wanachama wawakaribishe, na wapatane nao mambo mawili: wasiikanyage miche, na wachume kila wiki chache bila kuruka, si siku moja kwa msimu.

Kazi ya pili ni kukata kila ua kabla halijafunguka na kutoa vinyweleo. Ua moja likiachwa, upepo utalipeleka shamba la jirani, naye ataanza vita asivyovitaka.

Kazi ya tatu ni kuchimbua. Hapa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa wana silaha ambayo sisi hatuna, nayo ni kiangazi chao kirefu. Shina la chini likichimbuliwa mwishoni mwa mvua, udongo ungali laini, na likaachwa juani, hukauka lisipate mvua ya kulifufua kwa miezi mingi. Visiwani sisi tuna masika na vuli, na hata katikati ya mvua hizo manyunyu hayakosi. Mchunga uliotupwa kando ya shimo la mche huweza kushika tena. Kwa hiyo sisi tuchimbue katika kiangazi cha Januari na Februari, tutumie uma wa shamba au kijiti badala ya jembe, tulifuate shina mpaka mwisho wake bila kulikatakata, kisha tulitoe kabisa shambani na kulianika mahali pakavu, au kulichoma.

Karibu na mche

Hapa twawaomba wanachama wasome kwa makini. Mkarafuu hulishwa na mizizi midogo iliyo karibu na uso wa ardhi, na mche wake haupendi kuchokonolewa. Ilivyo hatari kwa karanga za Ruangwa kupigwa jembe vikonyo vikishaingia, ndivyo ilivyo hatari kwa mche wetu kupigwa jembe kwa kina kwa ajili ya kuutafuta mchunga. Tena kidonda cha jembe au panga kwenye shina si jambo dogo. Uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba na F. J. Nutman na wenzake, katika miaka ya 1940 na 1950, ulionyesha kwamba ukungu unaokausha matawi ya mkarafuu huingia kupitia vidonda.

Kwa hiyo, karibu na mche, ng'oa kwa mkono tu, udongo ukiwa na unyevu. Kisha tandaza majani makavu au nyasi, ukiacha nafasi kidogo ili yasiligusane na shina la mche. Mbali na mche waweza kuchimbua. Mikarafuu ikikua na vivuli vyake vikakutana, mchunga hupungua wenyewe, kwani hupenda jua. Penye mapengo ndipo unapostawi, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kuyapanda mapengo mapema.

Anayetumia dawa ya kuua magugu ajue kwamba upepo huweza kuipeleka kwenye majani ya mche. Na ni wajibu wake kuwaambia majirani wote kabla hajapiga, mtu asije akachuma mboga yenye sumu.

Tuta la nyumbani

Mwisho, asiyetaka kuikosa mboga hii na autengee mchunga tuta lake karibu na jiko, mbali na miche. Vipande vichache vya shina vyatosha. Azungushe mfereji wenye kina cha jembe, na autazame mara kwa mara ili kukata shina lolote linalojaribu kuvuka. Achume kabla majani hayajapita urefu wa shibiri, wala asiache ua. Hivyo tuta dogo litalisha nyumba, na mche utapata nafasi ya kuwa mti.

Wanachama wenye njia nyingine waliyoijaribu katika mashamba yao wenyewe na watuandikie, nasi tutawafikishia wenzao.