Nani Atalipa Pengo? Somo la Redio juu ya Ubia wa Serikali na Makampuni

Leo hatusomi herufi mpya. Tutafanya hesabu, tena hesabu ya mambo makubwa: reli, ghala na bandari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: UBIA, UPEMBUZI YAKINIFU, PENGO. Wanafunzi wayanakili katika madaftari yao, nami nitayaeleza moja moja.

Ubia mnaujua. Watu wawili hushirikiana kufuga ng'ombe: mmoja ana zizi na majani, mwingine ana fedha za kumnunua. Maziwa wanagawana. Lakini ng'ombe akifa, hasara ni ya nani? Wasipoulizana siku ya kununua, watagombana siku ya kuzika. Serikali na kampuni wakitaka kujenga kitu pamoja, mambo ni hayo hayo. Serikali ina ardhi na mamlaka ya kutoza ada, lakini haina fedha zote kwa mara moja. Kampuni inaleta fedha na mafundi, nayo inataka faida. Kutaka faida si dhambi, ila tujue kwamba fedha hizo si zawadi. Zitarudishwa na mwenye kutumia kitu hicho, au na mlipa kodi, au na wote wawili.

Sasa neno la pili. Kupembua ni kutenga nafaka na takataka, kila mama anayejua kazi ya ungo anaelewa. Yakini ni uhakika. Basi upembuzi yakinifu ni kazi ya kutenga matumaini na mambo ya hakika kabla ya kuchimba msingi. Na pengo ni tofauti kati ya fedha tulizotazamia kupata na fedha tulizopata. Tutalitumia sana neno hili, kwa hiyo lipigieni mstari.

Tuanze na reli yetu wenyewe. Wengi wenu mmepanda treni ya Mpanda kwenda Kaliua na Tabora. Njia hiyo, ambayo urefu wake ni kama kilomita 210 kutoka Kaliua, ilifika Mpanda mwaka 1950. Je, ilijengwa kwa ajili ya mahindi? Hapana. Wakati ule Mpanda ilikuwa na watu wachache na pori kubwa. Ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa Mukwamba, uliokuwa mali ya kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals. Mgodi ule ulitoa madini ya risasi, pamoja na fedha, dhahabu na shaba. (Risasi hii siyo ile ya bunduki tu, ni jina la madini yenyewe, mazito na laini, ambayo watu hutumia katika betri na mambo mengine mengi.) Madini yale hayakuweza kubebwa kwa malori katika njia za mchanga na matope mpaka Dar es Salaam. Bila reli hakuna mgodi, na bila mgodi hakuna mzigo wa kuijaza reli. Mgodi ulikuwa wa kampuni, na reli ilikuwa ya shirika la umma la reli na bandari la Afrika ya Mashariki. Katika siku zile watu hawakuliita jambo hilo ubia, lakini kila upande ulimtegemea mwenzake.

Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Hesabuni wenyewe: kutoka 1950 hadi 1960 ni miaka kumi. Reli hujengwa idumu miaka hamsini au zaidi, na mteja wake mkubwa aliondoka baada ya miaka kumi! Kampuni ikimaliza mawe yake hufunga mlango na kwenda. Reli haiwezi kukunjwa kama mkeka.

Huko kusini mwa nchi yetu jambo kama hilo lilikuwa na mwisho mbaya zaidi. Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, ikajenga reli ya Nachingwea na bandari ya Mtwara. Mpango wa karanga uliachwa mwaka 1951, na reli ile ilifungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Reli ya Mpanda haikung'olewa. Ilipata mizigo mingine na abiria wengine, ambao hawakuwamo katika hesabu za mwanzo. Makazi ya Katumba, kwa mfano, yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi kutoka Burundi, yako kando ya reli hiyo hiyo. Basi msiseme mapema kwamba mradi ule ulikuwa wa kijinga. Semeni hivi: mradi unaomtegemea mteja mmoja uulizwe, mteja huyo akiondoka, nani atalipa pengo?

Haya, chukueni kalamu. Tufanye hesabu ya kitu kidogo kuliko reli. Huu ni mfano tu, hakuna ghala kama hili ninalolijua.

Tuseme halmashauri moja ya mkoa wetu inatoa kiwanja, na kampuni inajenga ghala la mahindi kwa shilingi 400,000,000. Kampuni italiendesha ghala kwa miaka 15, kisha itaikabidhi halmashauri. Ghala linachukua magunia 20,000. Ada ni shilingi 1,000 kwa gunia kwa mwezi, na gunia hukaa miezi minne. Kwa hiyo kila gunia linaleta shilingi 4,000. Zidisheni: 20,000 mara 4,000 ni shilingi 80,000,000 kwa mwaka. Ondoeni gharama za walinzi, wapakuzi, dawa ya wadudu, umeme na matengenezo, tuseme shilingi 30,000,000. Zinabaki 50,000,000. Gawanyeni 400,000,000 kwa 50,000,000. Jibu ni 8. Mtu wa kampuni atasimama mbele ya mkutano na kusema, "Mabwana, ghala litajilipa kwa miaka minane." Watu watapiga makofi.

Lakini msipige makofi bado. Je, fedha za kujengea zilitoka wapi? Tuseme kampuni ilikopa zote benki kwa riba ya shilingi 12 kwa kila mia kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 48,000,000. Ghala limeleta 50,000,000. Kwa hiyo deni linapungua kwa shilingi 2,000,000 tu. Mkiendelea kupiga hesabu hiyo mwaka hata mwaka, mtaona kwamba baada ya miaka 15 deni bado ni zaidi ya shilingi 320,000,000. Na hilo ni ghala lililojaa kila mwaka, bila kukosa hata gunia moja. Hesabu isiyotaja riba, mimi siiti hesabu.

Sasa njooni kwenye magunia. Nani amesema yatafika 20,000? Wakati wa mavuno bei ya mahindi huwa chini, na baadaye hupanda, kwa hiyo kwenye karatasi kila mkulima angeweka akiba na kungoja. Lakini mkulima ana mtoto wa kumpeleka shule, ana deni la mbolea, na mnunuzi amekuja na lori mpaka shambani. Atauza. Tena Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akinunua kwa bei nzuri mwaka huo, mahindi yatakwenda kwake moja kwa moja. Tuseme basi yamekuja magunia 10,000. Mapato ni shilingi 40,000,000. Je, gharama nazo zimepungua nusu? Hazikupungua. Mlinzi wa ghala tupu analipwa sawa na mlinzi wa ghala lililojaa. Tuseme gharama ni 25,000,000. Zinabaki 15,000,000, na hata riba haikulipwa. Kutoka 50,000,000 mpaka 15,000,000, pengo ni shilingi 35,000,000 kwa mwaka mmoja.

Hapa ndipo mkataba unaposomwa kwa miwani. Huenda katika ukurasa wa nyuma pameandikwa kwamba magunia yakipungua, halmashauri itaijazia kampuni. Huenda pameandikwa kwamba hakuna ghala jingine litakalojengwa karibu kwa miaka 15, hata na chama cha ushirika. Kampuni haikosei kuomba hayo, maana mkopeshaji wake ndiye anayetaka. Lakini halmashauri iliyokubali bila kupiga hesabu imenunua ghala kwa mkopo bila kujua kwamba imekopa.

Mwaka 2007 Reli ya Kati, na tawi letu la Mpanda likiwa ndani yake, ilikodishwa kwa miaka 25. Kampuni ya RITES ya India ilichukua hisa 51 kwa mia, na Serikali ikabaki na 49. Mizigo haikuongezeka kama ilivyotumainiwa. Wafanyakazi waligoma juu ya mishahara. Kisha mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 zikabomoa njia huko Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama. Mwaka 2011 Serikali ilikuwa imekwisha kuzirudisha hisa mikononi mwake. Miaka 25 ikawa minne. Mwulizeni mzee yeyote wa Mpanda jinsi watu walivyosafiri treni ilipokuwa haiji. Upembuzi mzuri huuliza mapema: mafuriko yakija, nani atajenga daraja? Injini zilizochakaa ni za nani? Mishahara ikichelewa, nani atadaiwa? Hatari moja ipewe mtu mmoja, yule awezaye kuizuia au kuibeba, na jina lake liandikwe.

Dar es Salaam nayo ilipata la kwake katika maji. Kampuni ya City Water ilianza kazi mwezi wa Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka kumi, na Serikali iliuvunja mwaka 2005. Makusanyo ya ada yalikuwa chini ya yale kampuni iliyoyaahidi. Baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua mwaka 2008 kwamba Serikali ilikiuka mkataba katika mambo fulani, lakini kampuni haikupewa fidia. Kitu kimoja nakikumbuka katika habari hiyo: mwishoni ni mwombaji mmoja tu aliyeleta zabuni. Mashindano ya mtu mmoja si mashindano. Siku hizi iko sheria ya ubia ya mwaka 2010, iliyorekebishwa mara kadhaa, na inataka mradi upembuliwe kabla ya mkataba. Hilo ni jema. Ila sheria haipigi hesabu. Watu ndio wanaopiga.

Nimalizie na Karema. Serikali imejenga bandari pale katika Ziwa Tanganyika kwa fedha za umma, wala si za ubia, ili mizigo ivuke kwenda Moba na Kalemie huko Kongo. Sasa watu husema juu ya reli mpya ya kufika huko, na juu ya kampuni zitakazoleta meli na maghala. Kila ombi la namna hiyo litakuja na hesabu ya tani. Waulizwe: tani hizo mmezihesabu wapi? Mmezungumza na wafanyabiashara wa Kalemie, au mmekadiria mkiwa ofisini? Mizigo inayopita Kigoma leo, kwa nini iache Kigoma?

Na waulizwe habari za ziwa lenyewe. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema karibu na maji. Mwaka mmoja kabla yake ziwa lilikuwa limejaa mno hata likafungua mto Lukuga upande wa Kongo, kisha likashuka mita kadhaa, na kituo kile kikabaki mbali na ufuko. Miaka hii ya karibuni, kuanzia 2020, ziwa limepanda tena na kuingia katika nyumba za watu kandokando yake. Mhandisi aliyepima kina cha maji kwa mwaka mmoja tu hajalipima ziwa hilo. Wavuvi wazee wa Karema na Ikola wanajua maji yalifika wapi, nao hawadai ada ya ushauri.

Kazi ya wiki hii, wanafunzi, ni hii. Rudini kwenye ghala letu la mfano. Tuseme magunia yaliyokuja ni 15,000 na gharama ni shilingi 28,000,000. Tafuteni zinazobaki. Kisha tafuteni ni shilingi ngapi zinakosekana ili kulipa riba ya mwaka wa kwanza. Mwalimu wa darasa aligawe darasa mafungu mawili, moja liwe halmashauri na jingine liwe kampuni, wabishane nani atazilipa, na waandike walivyokubaliana katika sentensi mbili tu.