Kupoza Banda la Ng'ombe Moshi: Kipi Kinalipa?

Januari hadi Machi, kabla ya masika, jua la Moshi halina huruma, hasa tambarare za Mabogini na Kahe. Ng'ombe wa Friesian huanza kutaabika joto likipita nyuzi 25 na hewa ikiwa na unyevu. Tazama ubavu wake: akihema zaidi ya mara 60 kwa dakika, joto limemzidi. Akipunguza lita 2 za maziwa kwa siku, kwa mwezi zimepotea lita 60. Zizidishe kwa bei unayouzia, kisha pima kila gharama kwa hesabu hiyo.

Maji. Wakati wa joto, ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, yaani ndoo kubwa 3 hadi 5. Unachohitaji ni pipa lililokatwa na mtu wa kulijaza. Likae kivulini, na usiku lisikauke. Shina la mgomba unalomlisha lina maji mengi, lakini halichukui nafasi ya pipa.

Paa. Bati linadumu, ila likiwa chini linamchoma ng'ombe mgongo. Nyasi zina ubaridi na bei nafuu, lakini huoza na hushika moto. Mwenye bati asilibomoe. Alipake chokaa juu. Anayejenga upya aliinue paa hadi mita 3.

Hewa. Kibosho, Machame na Marangu, kivuli cha kihamba (shamba la migomba) ni cha bure. Kasoro ni banda lililozibwa mbao pande zote. Kubandua mbao za upande unaoelekea upepo ni kazi ya nyundo tu.

Feni. Ya wati 100, ikizunguka saa 8 kila siku, inakula uniti 24 kwa mwezi. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1 (matumizi madogo ya nyumbani) ana uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi. Karibu theluthi inaishia bandani. Kumwagia ng'ombe maji mgongoni kunasaidia penye upepo. Banda likiwa limefungwa, unaongeza fukuto.

Mbegu. Chotara wa Jersey huvumilia joto kuliko Friesian, na hula kidogo. Lakini ukipandisha leo, maziwa ya mtamba atakayezaliwa utayasubiri karibu miaka 3.

Kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja au wawili, anza na maji, kisha hewa, kisha paa. Majani makavu mpe jioni, maana kuyasaga tumboni huzalisha joto. Feni nunua mwisho, ikiwa bado anahema.