Mbayuwayu wa Izigo na manati za likizo

Shule zikifungwa Desemba, watoto wa Izigo, wilayani Muleba, hutafutwa nje. Asubuhi wanaokota senene. Wakichoshwa na senene, manati zinatoka mifukoni, na shabaha ya karibu ni ndege wadogo waliojipanga kwenye nyaya za umeme, mikia imepasuka kama mkasi. Mbayuwayu.

Huenda mmoja wao ametoka Ujerumani au Uingereza, zaidi ya kilomita 6,000, akavuka jangwa la Sahara. Uzito wake ni gramu 20 hivi, sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari. Kinachomfukuza Ulaya ni njaa hasa: baridi ikiingia, wadudu wanaoruka hutoweka, na yeye hana chakula kingine. Ziwa Victoria lina wadudu wanaopaa majini kama moshi.

Zamani hata wataalamu walikuwa wakibahatisha ndege hawa huenda wapi. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa bado mguuni.

Kwenye waya uleule wa Izigo kuna pia mbayuwayu wenyeji, na hapa ndipo mtoto hunogewa. Wote wana koo la rangi ya kutu. Mgeni ana tumbo jeupe na mkanda mweusi kifuani; mwenyeji tumbo lake ni la kijivu. Darubini haihitajiki sana, macho ya mtoto wa miaka saba yanatosha, na mara nyingi yanamshinda baba.

Mzazi anayesema tu "acha manati" hafiki mbali. Afadhali kumpa mtoto kazi nyingine: daftari la zamani, kalamu, na safari ya alfajiri kuelekea ziwani, hadi kwenye majabali. Huko atamwona furukombe akiita na kichwa chake cheupe amekitupa nyuma, mnandi akianika mabawa juu ya mwamba, na mdiria mweusi kwa mweupe akisimama hewani kabla ya kujitosa majini.

Ila majabali hayo hayana mchezo. Mvua ikinyesha huteleza, hivyo watoto wadogo washikwe mkono na wakae mbali na ukingo. Kuchezea maji ya kina kifupi ni kuita kichocho, na penye matete huwezi kujua kama kuna mamba au kiboko. Kutazama kufanyike kutoka juu, mahali pakavu.

Daftarini yaandikwe mambo matatu tu: tarehe, mahali, na wageni wangapi. Kazi iendelee hata shule zikifunguliwa, dakika tano kila Jumamosi. Kuanzia Machi hesabu itaanza kupungua, na Aprili ikiisha wengi watakuwa wameshaanza safari ya kurudi kwenye mabanda ya ng'ombe ya Ulaya wanakojenga viota. Kwenye waya watabaki wenye matumbo ya kijivu.